Dawa Iliyofukuzwa Ikaitwa Tena

Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Ujerumani, Hans-Joachim Haase, alikuwa akiwapa wagonjwa wake wa akili karatasi na kalamu. Hakuwa na haja ya kusoma walichoandika. Alitaka kuona mwandiko wenyewe. Mgonjwa aliandika mistari michache kabla ya kuanza dawa, kisha akaiandika tena kadiri dozi ilivyopandishwa, na daktari akawa analinganisha karatasi ya leo na ya juzi. Herufi zilipoanza kujikunyata, maneno yakabanana na mkono ukaonekana mzito, alijua dozi imefika. Kwa imani yake, dawa ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, haijaanza kazi mpaka iuguse mkono.

Imani hiyo haikutoka hewani. Klopromazini, dawa ya kwanza iliyothibitika kutuliza skizofrenia, ilitengenezwa mwishoni mwa mwaka 1950 na mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc, Ufaransa. Henri Laborit, daktari wa upasuaji katika jeshi la majini, alikuwa akitafuta kitu cha kusaidia dawa za usingizi, akaona wagonjwa waliopewa klopromazini wanatulia kwa namna ya ajabu: wako macho, wakiulizwa wanajibu, lakini wahaka wa kwenda kupasuliwa umewatoka. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliipeleka kwa wagonjwa wa akili, na wodi zilizozoea makelele usiku kucha zikanyamaza. Haukupita muda mrefu dawa hiyo ikasambaa duniani kwa jina la Largactil, na wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanaiita hivyo mpaka leo.

Utulivu huo ulikuja na mwenzake. Mwaka 1954 Hans Steck wa Lausanne, Uswisi, alieleza kuhusu wagonjwa waliokuwa wakionekana kama wazee wenye ugonjwa wa Parkinson: uso umekauka, mikono haipungi wakitembea, hatua fupi za kuburura. Ilipofika mwaka 1958 Paul Janssen na wenzake wa Ubelgiji wakatoa haloperidoli, dawa kali zaidi dhidi ya sauti na dhana za kudhuriwa, na kali zaidi katika kukakamaza mwili. Nguvu mbili zikionekana pamoja kila mara, ni rahisi kuamini kuwa ni nguvu moja. Madaktari wengi waliamini hivyo, na maabara za dawa zikafuata. Panya alidungwa dawa mpya, miguu yake ya mbele ikaegemezwa juu ya kizibo au kipande cha ubao. Akibaki ameganda katika mkao huo wa ajabu, dawa inaendelea mbele. Akishuka akaenda zake, dawa inatupwa.

Panya waliopewa klozapini walishuka wakaenda zao.

Dawa hiyo ilitokea Bern, Uswisi, katika kampuni ndogo ya Wander, mwaka 1958. Wakemia wake, akiwamo Fritz Hunziker na Jean Schmutz, walikuwa wakichezea umbo la imipramini, dawa ya sonona iliyokuwa mpya wakati huo, wakibadilisha sehemu moja baada ya nyingine waone kitatokea nini. Kwa kanuni ya kizibo, klozapini ilikuwa dawa ya usingizi tu: mnyama analegea, anasinzia, hakakamai. Kama ingepitia mchujo wa kampuni kubwa zaidi, yenye haraka zaidi, huenda tusingeisikia tena. Lakini katika miaka ya 1960 ilifika mikononi mwa madaktari wa Uswisi, Austria na Ujerumani, miongoni mwao Hanns Hippius, nao wakasema jambo lililopingana na vitabu. Wagonjwa wanapata nafuu. Wengine ni wale walioshindikana kwa kila kitu. Na hawakakamai.

Kampuni yenyewe ilisitasita. Utamshawishi vipi daktari aliyefundishwa kuipima dawa kwa mwandiko, umwambie hii inaponya na mwandiko unabaki ulivyokuwa? Mwaka 1967 Wander ilimezwa na Sandoz, na mwaka 1972 klozapini ikaanza kuuzwa katika baadhi ya nchi za Ulaya kwa jina la Leponex.

Ufini iliipokea mapema mwaka 1975. Ndani ya miezi michache tu wizara na hospitali zikaanza kupata taarifa za namna moja: mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri analalamika koo, anapata homa, siku chache baadaye amefariki. Damu ilipochunguzwa, chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu zilikuwa karibu zimekwisha. Hali hiyo madaktari wanaiita agranulositosi. Mwili unabaki bila walinzi, na bakteria wa kawaida wa kinywani, wasiomdhuru mtu mwingine, wanaingia hadi kwenye damu. Septemba mwaka huo Juhana Idänpään-Heikkilä na wenzake walitoa tahadhari katika jarida la The Lancet. Uchunguzi uliofuata ulitaja wagonjwa 16 ambao chembe zao nyeupe ziliporomoka; 8 kati yao walikufa.

Mambo mawili yaliifanya hatari hiyo iwe mbaya zaidi kuliko tarakimu zinavyoonyesha. Kwanza, haikuwa na uhusiano wa wazi na dozi, kwa hiyo kumpa mgonjwa kidogo hakukuwa kinga. Pili, dalili yake ya kwanza ni koo linalouma, na katika wodi ya wagonjwa wa akili malalamiko ya koo ni rahisi sana kupuuzwa. Mtu ambaye jana alisema majirani wanampulizia gesi kupitia ukutani, leo akisema koo linamuuma, ni nani atakayekimbilia tochi?

Sandoz iliiondoa dawa sokoni katika nchi kadhaa na kusitisha majaribio yaliyokuwa yakiendelea Marekani. Hata hivyo haikufa kabisa. Baadhi ya wagonjwa walioachishwa walirudi katika hali mbaya kuliko ile ya mwanzo, na madaktari wao wakaomba ruhusa ya kuendelea nayo kwa sharti la kupima damu mara kwa mara. China nayo ilianza kujitengenezea klozapini katika miaka hiyo ya 1970, ikaendelea kuitumia kwa wingi huku nchi za Magharibi zikiiogopa.

Kwa mgonjwa wa kawaida wa Ulaya au Marekani ambaye dawa hazikumsaidia, kilichofuata ni miaka ya kubadilishiwa dawa. Anaanza klopromazini, isipofanya kazi anapewa haloperidoli, baadaye trifluoperazini, baadaye tena sindano ya flufenazini, ile inayojulikana kwa jina la Modecate, ya kila baada ya wiki kadhaa. Dozi zilipandishwa hadi viwango ambavyo leo vinatisha kuvisoma. Kila badiliko lilileta matumaini ya wiki mbili tatu kwa familia, na kila badiliko lilionekana kama hatua.

Kisayansi halikuwa hatua kubwa, na ushahidi ulikuwa umeshaanza kutoka. Mwaka 1975 na 1976 Philip Seeman huko Toronto na Solomon Snyder huko Baltimore walionyesha, kila mmoja kwa maabara yake, kwamba nguvu ya dawa hizi zote inalingana kwa karibu sana na jinsi zinavyoshika vipokezi vya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Dawa inayoshika sana inahitaji miligramu chache. Inayoshika kidogo inahitaji nyingi. Majina tofauti, rangi tofauti za vidonge, kazi moja. Kumhamisha mgonjwa sugu kutoka moja kwenda nyingine kulikuwa sawa na kujaribu funguo kumi zilizochongwa kwa kufuli moja, huku mlango uliokwama una kufuli lingine.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kubadilisha dawa kwa sababu inamdhuru mgonjwa, inamkakamaza, inamnenepesha au inamkausha hamu ya ndoa, ni jambo la maana na linafanya kazi, kwa kuwa dawa hizi zinatofautiana sana kwa madhara. Kubadilisha kwa sababu sauti hazijanyamaza ni habari nyingine. Klozapini ilikuwa nje ya safu hiyo. Inashika vipokezi vya dopamini kwa ulegevu, na ilipowezekana kupiga picha za ubongo wa mtu aliye hai, Lars Farde na wenzake wa Stockholm waliona kuwa wagonjwa wanaopata nafuu kwa dawa za kawaida vipokezi vyao vimezibwa kwa asilimia 70 au zaidi, ilhali wa klozapini wanapata nafuu vikiwa vimezibwa chini ya hapo. Kwa nini hasa inafanya kazi, bado watu wanabishana.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliweka sharti gumu: kama mnataka kuuza dawa inayoweza kuua, onyesheni kwamba inawasaidia watu ambao nyingine zimewashinda. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa sharti la haki, na ndilo lililozaa jaribio lililobadilisha historia hii.

Aliyeliongoza ni John Kane wa hospitali ya Hillside, New York, pamoja na Gilbert Honigfeld na Jack Singer wa Sandoz na Herbert Meltzer wa Cleveland. Hospitali 16 zilishiriki. Kuingia haikuwa rahisi. Mgonjwa alitakiwa awe ameshindikana kwa angalau dawa tatu katika miaka mitano iliyopita, kwa dozi kubwa, kila moja kwa wiki sita au zaidi, na katika miaka hiyo mitano asiwe amepata kipindi chochote cha kuishi vizuri. Hata hapo hawakuaminiwa kwa maneno ya faili. Wagonjwa 319 waliwekwa kwanza kwenye haloperidoli kwa wiki sita, wakitazamwa. Waliopata nafuu hawakufika hata asilimia 2. Mafaili yalikuwa yamesema kweli.

Baada ya hapo wagonjwa 268 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa klozapini, jingine klopromazini pamoja na dawa ya kuzuia ukakamavu, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Baada ya wiki sita matokeo yakafunguliwa: asilimia 4 ya waliopewa klopromazini walikuwa wamefikia kiwango cha nafuu kilichowekwa, na asilimia 30 ya waliopewa klozapini. Yalichapishwa mwaka 1988. Mtu asiyeyajua mazingira anaweza kuiona asilimia 30 ni ndogo, na ni kweli wengi wa kundi hilo hawakupata nafuu katika wiki hizo sita. Lakini hawa walikuwa watu ambao hospitali zilikwisha kukata tamaa nao. Kwa watu wa namna hiyo, hakuna dawa iliyokuwa imewahi kuonyesha pengo kama hilo.

FDA iliidhinisha klozapini mwaka 1989, ikaingia sokoni mwaka uliofuata kwa jina la Clozaril na kwa sharti moja kubwa: bila damu, hakuna dawa. Kila wiki mgonjwa alitolewa damu, chembe nyeupe zikahesabiwa, na zikiwa salama ndipo alipopewa vidonge vya wiki moja tu. Sandoz iliifanya dawa na kipimo kuwa kifurushi kimoja kisichotenganishwa, kikiendeshwa na kampuni iliyoiteua yenyewe, kwa karibu dola 9,000 kwa mwaka kwa kila mgonjwa. Hospitali za umma, ambazo ndizo zilizokuwa na wagonjwa sugu wengi, hazikuwa na fedha hizo, na maabara zake zenyewe zilikuwa na uwezo wa kuhesabu chembe za damu kwa bei ndogo sana. Majimbo kadhaa yakaishtaki kampuni, na mwaka 1991 kifurushi kikafunguliwa. Hiyo ni miaka ambayo familia zilisoma magazetini kuwa kuna dawa, na duka la dawa likawaambia bei.

Kipimo chenyewe kilifanya kazi. Takwimu za wagonjwa 11,555 wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 1993, zilikadiria kwamba kiasi cha asilimia 0.8 hupata agranulositosi katika mwaka wa kwanza, wengi wao katika miezi mitatu ya mwanzo. Wagonjwa 73 walipatwa na hali hiyo. Waliokufa ni wawili. Ufini, nusu ya walioporomoka chembe walikuwa wamekufa. Sasa, kwa kuwahi tu kuona na kusimamisha dawa, karibu wote waliokolewa.

Mwaka 1992 jarida la Time liliipa habari hii ukurasa wa mbele. Ndani kulikuwa na masimulizi ya sherehe ya dansi huko Cleveland, iliyoandaliwa kwa ajili ya wagonjwa waliokuwa wakitumia klozapini. Vijana wa Marekani wanapomaliza sekondari hufanyiwa dansi la kuagana, wavulana kwa suti na wasichana kwa magauni marefu. Hawa ugonjwa uliwakamata katika umri huohuo, wakalikosa. Wakalifanya wakiwa watu wazima. Unapoisoma habari hiyo furaha inakuja kwanza, na muda si mrefu unaanza kupiga hesabu. Mtu aliyeanza kusikia sauti akiwa na miaka 18 na akatulia akiwa na 35 anaamka katika dunia ambamo wenzake wana kazi, ndoa na watoto, na yeye hajui hata kufungua akaunti ya benki. Kazi ya kumrudisha huyo haifanywi na kidonge.

Mafanikio hayo yaliwasha mbio za kutafuta klozapini isiyogusa damu. Risperidoni ilitoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1993, olanzapini mwaka 1996, kwetiapini mwaka 1997. Ziliitwa kizazi kipya, zikauzwa kwa bei ya kizazi kipya, na kubadilisha dawa kukarudi kwa kasi kuliko zamani. Mgonjwa aliyezungushwa kwenye dawa za kale sasa alizungushwa kwenye hizi.

Serikali ya Marekani ilitaka kujua inanunua nini, ikagharamia utafiti ulioitwa CATIE, chini ya Jeffrey Lieberman. Wagonjwa 1,493 walifuatiliwa kwa hadi miezi 18. Matokeo ya mwaka 2005 yaliwaduwaza wengi: asilimia 74 waliiacha dawa waliyopangiwa kabla ya muda kwisha, na perfenazini, dawa ya miaka ya 1950, haikuachwa nyuma na nyingi za zile mpya. Olanzapini ilidumu kidogo zaidi, lakini kwa gharama ya unene na sukari. Sehemu ya pili ya utafiti, iliyotoka mwaka 2006, haikuvuma sana ingawa kwa mada yetu ndiyo yenye uzito. Walioacha kwa sababu dawa haikuwasaidia walipewa nafasi ya kwenda kwenye klozapini au kwenye mojawapo ya dawa nyingine mpya. Wa klozapini walidumu nayo kwa wastani wa miezi 10 na nusu. Wa nyingine, kiasi cha miezi mitatu.

Mwaka 2018 utafiti mwingine, OPTiMISE, uliofanyika katika nchi za Ulaya na Israeli kwa watu walioanza kuugua karibuni, ulitazama badiliko la kwanza kabisa. Wote walianza kwa amisulpridi. Ambao hawakutulia baada ya wiki nne waligawanywa: wengine wakahamishiwa olanzapini, wengine wakaendelea na dawa ileile. Wiki sita baadaye, asilimia 44 ya waliohamishwa walikuwa wametulia, na asilimia 45 ya waliobakishwa. Kwa maneno mengine, kilichofanya kazi katika kubadilisha ni muda uliopita.

Na klozapini ilikuwa bado inasubiriwa mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa wa London kusini ulikuta kwamba, tangu siku ambayo mgonjwa angestahili kupewa klozapini kwa mujibu wa miongozo hadi siku aliyopewa, ilipita wastani wa karibu miaka minne. Miaka hiyo haikuwa mitupu. Ilijaa dawa nyingine, dozi zilizozidi, na kwa wengi dawa mbili kwa pamoja, mambo ambayo hayana ushahidi wa kutosha.

Uoga una sehemu yake. Daktari aliyeandika klozapini na mgonjwa akafa kwa damu, jina lake liko kwenye faili. Daktari ambaye hakuiandika na mgonjwa akajinyonga, hakuna anayemwuliza kuhusu dawa ambayo hakuitoa. Vifo vya aina hiyo ya pili vilihesabiwa polepole. Mwaka 2002 FDA iliruhusu klozapini itumike mahususi kupunguza hatari ya kujiua, baada ya utafiti wa Meltzer wa wagonjwa 980 waliogawanywa kati yake na olanzapini. Mwaka 2009 ikatoka hesabu kubwa zaidi, ya Jari Tiihonen na wenzake, iliyofuatilia watu 66,881 wenye skizofrenia kwa miaka 11. Waliokuwa wakitumia klozapini walikuwa na vifo vichache kuliko watumiaji wa dawa nyingine yoyote iliyolinganishwa. Utafiti huo ulifanyika Ufini.

Sehemu nyingine ya ucheleweshaji si uoga, ni kazi. Klozapini haianzwi kama dawa nyingine. Usiku wa kwanza ni nusu ya kidonge cha miligramu 25, maana dozi kamili ingeweza kumwangusha mgonjwa kwa kushusha presha. Inapandishwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka miligramu 300 au zaidi. Akikosa kumeza kwa zaidi ya saa 48, anarudishwa mwanzo kabisa, kwenye ile nusu. Asubuhi mto umelowa mate. Tumbo linafunga, na hili si jambo la kuchekea: choo kilichofunga hadi utumbo kusimama kimeua wagonjwa wengi wa klozapini. Katika wiki za kwanza misuli ya moyo inaweza kuvimba. Unene na kisukari vinafuata, na dozi kubwa inaweza kuleta kifafa.

Kuna sigara pia. Moshi wa tumbaku unalichochea ini liivunje klozapini haraka. Mvutaji mkubwa akilazwa katika hospitali isiyoruhusu sigara, dawa inajaa mwilini bila dozi kuguswa. Anasinzia mchana kutwa, anaweza kuanguka kifafa. Akiruhusiwa kwenda nyumbani anarudia pakiti yake, kiwango kinashuka, na baada ya wiki chache sauti zimerudi. Daktari asiyeuliza habari za sigara ataandika kuwa klozapini imeshindwa, ambadilishie dawa.

Ndiyo maana kabla ya kumwita mgonjwa sugu, wataalamu waliokubaliana vigezo mwaka 2017 wanataka kujua kwanza kama dawa zilimezwa. Dawa mbili tofauti, kila moja kwa angalau wiki sita, kwa dozi inayotosha, na mgonjwa awe amemeza asilimia 80 au zaidi ya alichoandikiwa. Kati ya wanaoonekana sugu, wapo ambao vidonge viko chini ya godoro.

Klozapini nayo isipambwe kupita kiasi. Mwaka 2016 Myrto Samara na wenzake wa Munich walikusanya majaribio yote ya namna ile ya Kane, ambamo hakuna anayejua nani anameza nini, wakakuta ubora wake juu ya dawa nyingine hauonekani wazi kama wengi walivyodhani. Waliowapinga walisema wagonjwa wa majaribio ya siku hizi hawakuwa sugu kama wale wa 1988, na mimi naegemea upande wao, lakini hoja haijafungwa. Makadirio ya kawaida ni kuwa kati ya wagonjwa sugu kumi wanaoianza, wanne watapata nafuu ya kuonekana. Sita watabaki wakitafuta.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaingia katika habari hii kwa njia ya damu. Viwango vya chembe nyeupe vilivyowekwa kuwa salama vilitokana na damu ya Wazungu. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana chembe hizo chache tangu kuzaliwa na hawaugui kwa sababu hiyo. Mwaka 2009 David Reich na wenzake walionyesha chanzo kwa Wamarekani weusi: badiliko katika jeni iitwayo Duffy, lililoenea sana Afrika kusini mwa Sahara kwa kuwa linamkinga mtu dhidi ya aina moja ya malaria, ile ya vivax. Kwa hiyo kinga waliyoiacha mababu ilimfanya mjukuu aliyeko London au Chicago akataliwe klozapini, au aachishwe katikati akiwa ameanza kupona, kwa kipimo ambacho kwake yeye kilikuwa cha kawaida. FDA ilishusha viwango kwa watu wa namna hiyo mwaka 2015. Miaka kumi baadaye, mwaka 2025, iliuondoa mpango mzima wa kuzuia dawa mpaka matokeo ya damu yaingizwe kwenye daftari la taifa. Kupima kunabaki kuwa ushauri kwa daktari.

Klozapini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na sasa inatengenezwa na kampuni nyingi kwa bei ya chini sana kuliko ile ya 1990. Kidonge si ndicho kigumu tena. Kigumu ni nauli ya kwenda kliniki kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, kama inavyotakiwa Uingereza, na mashine ya kuhesabu chembe iwe nzima siku hiyo, na sindano, na mama au dada wa kumsindikiza. Na ni homa. Mgonjwa wa klozapini anayepata homa Bern anapimwa damu kwanza. Akiipata Tanga au Kisumu, wa kwanza kumwona ni muuza duka la dawa, naye atafikiria malaria. Baadhi ya dawa za malaria, kama amodiakwini, zenyewe zinaweza kuangusha chembe nyeupe. Kliniki inayotaka kuanzisha klozapini huku kwetu itabidi iwape ndugu wa mgonjwa kadi ya kuonyesha katika kila dirisha la dawa, imeandikwa kwa Kiswahili kwamba huyu akiwa na homa au koo linamuuma, chembe nyeupe zihesabiwe leo hii, pamoja na kipimo cha malaria.